Tulikunywa Kikombe, Tukasahau Kupima

Wapenzi wengi huulizana rangi ya sare za harusi kabla ya kuulizana hali ya damu. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, mpaka simu ilipolia.

Mpenzi msomaji, naomba tuanze na kikombe. Si cha chai wala cha kahawa. Nazungumzia kile kikombe cha Samunge, ambacho mwaka 2011 kiliifanya nchi nzima isiwe na habari nyingine ya kuongea.

Kama ulikuwa mdogo wakati ule, ngoja nikukumbushe. Samunge ni kijiji cha Loliondo, wilayani Ngorongoro, katika nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi. Huko alikuwepo mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye sote tulimzoea kwa jina la Babu wa Loliondo. Alisema Mungu amemwotesha dawa inayotokana na mti uitwao mugariga. Masharti yalikuwa mepesi: kikombe kimoja, shilingi 500, na unywe hukohuko kijijini. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa makubwa: kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu, hata UKIMWI. Machi mwaka ule foleni ya magari iliripotiwa kufika kilomita 26, na watu wapatao 50 waliripotiwa kufariki wakiwa wanasubiri zamu yao. Vigogo walikwenda kwa helikopta. Sisi akina yakhe tulikwenda kwa Land Cruiser za kukodi.

Nami nilikwenda. Nilikuwa nafanya kazi Arusha, nimeshachumbiwa, na harusi tulikuwa tumeipanga Desemba. Shangazi wa mchumba wangu, anayeishi Karatu, alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na alisema wazi kwamba tusipompeleka kwa Babu atapanda lori aende mwenyewe. Tukachangishana, tukakodi gari. Tulipita Mto wa Mbu, Engaruka, tukapita chini ya mlima Oldonyo Lengai, tukaambaa na Ziwa Natron, halafu tukaanza kupanda milima. Vumbi lilitukaa mpaka kwenye kope. Kwenye foleni tulikaa siku tatu, usiku tunalala ndani ya gari tumekunja magoti kama abiria wa basi la mkoani.

Zamu yetu ilipofika, vijana walituletea vikombe mpaka dirishani. Shangazi akanywa, akafumba macho. Dereva akanywa. Mchumba wangu akanywa, na mimi nikanywa. Ilikuwa chungu-chungu. Sisi wawili hatukuwa tunaumwa chochote, au ndivyo tulivyojidhania. Tulikunywa kwa sababu tumeshafika, basi.

"Si tumeshakunywa?"

Wakati wa kurudi tulimshusha Shangazi kwake Karatu. Kwake tungelazwa vyumba tofauti, mimi na mabinti, yeye na vijana, kwa hiyo tukaaga kwa kisingizio kwamba gari linatakiwa Arusha alfajiri. Tukaenda kulala gesti.

Tangu tuanze uhusiano tulikuwa tunatumia kondomu. Usiku ule nilipoanza kupekua mkoba, mwenzangu akacheka. "Mpenzi, ya nini tena? Si tumeshakunywa?"

Nikacheka na mimi. Ulikuwa utani, lakini ni ule utani ambao ndani yake kuna ombi. Na kwa kweli hata mimi nililitaka ombi lile. Sikuwa naamini kwamba kikombe kinaosha kila kitu. Nilikuwa nimechoka, nampenda, harusi iko karibu, na kikombe kilinipa kile nilichokuwa nakitafuta kwa muda mrefu: namna ya kuachana na kondomu bila kupita kwenye chumba cha kupimia damu.

Nieleweke hapa. Babu alifariki Julai 2021, na sina sababu ya kumtwisha mzee mzigo usio wake. Habari ya kuacha kinga tulijitungia wenyewe, mimi na mchumba wangu, kwenye gesti, taa zikiwa zimezimwa.

Toka siku ile nimegundua kwamba karibu kila wapenzi wana kikombe chao. Wengine kikombe chao ni "namfahamu tangu chuo." Wengine ni "kwao wameokoka." Wengine ni "mtu mwenyewe si unamwona alivyonawiri?" Na wengi wetu ni pete: ikishavishwa tu, mipira inaingia kwenye kapu la takataka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukuambia kilichomo ndani ya damu ya mtu.

Simu ya Agosti

Agosti mwaka uleule, ofisini kwao walikuja watu wa Damu Salama kukusanya damu. Mwenzangu, mwanamume wa mazoezi, asiyejua hata dawa ya mafua inauzwa wapi, akajitolea chupa moja. Damu inayochangwa hapa nchini hupimwa vitu vinne kabla ya kupewa mgonjwa: VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Wiki chache baadaye akapigiwa simu aende akaonane na mshauri.

Jioni akaja kwangu. Hakukaa. Akasema, "Nina homa ya ini. B."

Natamani ningekwambia kwamba nilimkumbatia. Wapi! Swali langu la kwanza lilikuwa: "Umeipata wapi?" Na la pili: "Ni nani?" Ugomvi wa usiku ule sitausahau. Nilihesabu safari zake zote za kikazi. Nilitaja majina ya wasichana ambao hawakuwa hata na habari na yeye. Yeye aliapa kwa marehemu mama yake. Mimi nilivua pete, nikaiweka mezani.

Tulipokwenda hospitali pamoja, kila mmoja akiwa ameununia upande wake, daktari alitusikiliza tukilaumiana mpaka tukachoka. Ndipo akatuambia jambo lililonifanya nijisikie mdogo kama punje ya ulezi. Kipimo kile kinasema virusi vipo, alisema. Hakisemi vimeingia lini, na hakitaji jina la mtu.

Virusi vya homa ya ini B hukaa kwenye damu, shahawa na majimaji ya ukeni. Hupita kwenye ngono isiyo na kinga, ndiyo. Lakini hupita pia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kwa watoto wadogo wanaoishi pamoja. Hupita kwenye wembe mmoja uliochanja chale watu wengi, kwenye sindano, kwenye mswaki wa kuchangia. Vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena kwenye tone la damu ambalo hata hulioni.

Na sikiliza hili. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yake yote ni kama 9 kati ya 10. Mtu mzima akiambukizwa, wengi miili yao huvishinda; wanaobaki navyo ni chini ya 5 kwa kila 100. Kwa hiyo mtu mzima anayekutwa na virusi sugu, yaani vilivyokaa zaidi ya miezi 6, mara nyingi amevibeba toka utotoni bila kujua. Baadaye dada mkubwa wa mwenzangu alipopima, naye alikutwa navyo. Mama yao alikwishafariki, kwa hiyo hatutajua kamwe kwa uhakika. Niliichukua pete yangu, nikaomba radhi. Ilichukua muda kusamehewa, na nilistahili.

Ugonjwa usiopiga hodi

Kama wewe ni kama mimi wakati ule, unaijua VVU kuliko homa ya ini. Si ajabu. Sisi ni kizazi cha Angaza, cha matangazo ya redioni, cha semina za ngono zembe. Julai 2007 tulimwona Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, wakipima VVU hadharani Dar es Salaam. Lakini nani alishawahi kukuambia upime ini?

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na ugonjwa huo uliua watu milioni 1.1 katika mwaka huo mmoja. Wengi hawajui kama wanavyo, kwa sababu ini ni kiungo kivumilivu mno. Linaumia kimyakimya kwa miaka, na macho yanapogeuka manjano au tumbo linapojaa maji, mara nyingi limeshasinyaa au limeshaota saratani.

Sasa tuondoe hofu zisizo na msingi, maana nazo zinavunja nyumba. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, kubusiana, kupiga chafya wala kuchangia kikombe. Umesoma sawasawa: kuchangia kikombe! Kikombe cha Samunge kisingeweza kutuambukiza, na wala kisingeweza kutuambia tumeambukizwa.

Kuna ndugu yake mwingine, homa ya ini C. Huyo hupita zaidi kwenye damu, kwa ngono ni mara chache zaidi, na hana chanjo. Habari njema ni kwamba siku hizi anatibika na kupona kabisa kwa vidonge vya wiki 12 hivi. B hana tiba ya kumfukuza moja kwa moja, lakini zipo dawa kama tenofovir zinazomtuliza asilile ini. Si kila mwenye virusi huanzishwa dawa siku hiyohiyo. Mwenzangu kwanza aliwekwa kwenye ratiba ya vipimo kila baada ya miezi 6, akaambiwa aachane na pombe na asinywe dawa yoyote kiholela, ya duka au ya miti shamba, kwa sababu kila unachomeza hupitia kwenye ini.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari nyingine ya zama zile. Ziliripotiwa habari za watu wenye VVU waliokunywa kikombe wakaacha ARV. Tenofovir hiyohiyo imo katika vidonge vingi vya ARV. Mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja akiacha dawa ghafla, virusi vya ini vinaweza kulipuka na kumwangusha kabla hata VVU havijafanya hivyo.

Chanjo ambayo wengi wetu hatukupata

Majibu yangu yalitoka: sina VVU, sina kaswende, sina homa ya ini. Tangu ule usiku wa Karatu miezi 5 ilikuwa imepita bila kondomu. Kusalimika kwangu ilikuwa bahati tu, na kwa sababu virusi vinaweza kuchelewa kuonekana kwenye kipimo, niliambiwa nirudi kupima tena.

Halafu daktari akaniuliza, "Umechanjwa?" Nikajibu, "Si nilichanjwa utotoni?" Akatikisa kichwa. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Ukizaliwa kabla ya hapo, chanjo ulizopigwa utotoni hazikuwa na hii. Hebu piga hesabu ya umri wako, mpenzi msomaji. Unaona?

Chanjo kwa mtu mzima ni sindano 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya mwezi wa 6. Nilianza Septemba 2011, hivyo ya mwisho ikaangukia Machi 2012. Na harusi ni Desemba! Nikauliza kwa sauti ya chini, "Na fungate je?" Daktari akajibu bila kupepesa macho: "Fungate mtaifanya. Na kondomu mtabeba."

Basi tulikwenda fungate Zanzibar tukiwa na pakiti za Salama kwenye begi, bwana na bibi harusi wenye cheti cha ndoa. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Siku ya pili tukaanza kucheka. Siku ya tatu nikagundua kwamba kumwona mume wangu akiifungua ile pakiti bila kuombwa na bila kununa kulinipa raha kuliko maua yote aliyowahi kuniletea. Alikuwa ananilinda, na alijua ananilinda na nini. Mwezi mmoja na nusu baada ya sindano ya tatu nilipimwa kama mwili wangu umejenga kinga. Ulikuwa umejenga. Ndipo tukaziweka kondomu pembeni, kwa makubaliano na mchana kweupe.

Kabla hamjaziweka pembeni

Haya ndiyo ninayowaambia mashoga zangu, wadogo zangu, na yeyote anayeniuliza.

Pimeni pamoja, na pimeni vyote. Usiridhike na VVU peke yake. Omba na homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kisonono na klamidia kwa wanawake wengi hazionyeshi dalili, na zikiachwa zinaweza kuziba mirija ya uzazi. Majibu msomeane; usikubali "nilishapima, niko poa."

Rudieni. Maambukizi mapya huchukua muda kuonekana, hivyo endeleeni na kondomu mpaka mrudie kipimo kwa tarehe mtakayopewa.

Asiyekuwa na homa ya ini B na hajachanjwa, achanjwe dozi zote 3. Moja haitoshi, na wengi huishia ya pili.

Tumieni kondomu inavyotakiwa. Tazama tarehe ya mwisho, fungua kwa vidole na si kwa meno, vaa kabla ya kugusana, na moja inatosha, usivae mbili. Mafuta ya nazi na Vaseline huidhoofisha ya mpira. Kama mnahitaji ulaini, nunueni kilainishi cha maji. Na mjue mipaka yake: haifuniki ngozi yote, kwa hiyo malengelenge, vidonda vya kaswende na virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi vinaweza kupita pembeni. Kwa hivyo vya mwisho ipo chanjo, ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa mwaka 2018. Sisi dada zao, tukachunguzwe shingo ya kizazi.

Kila mtu na wembe wake, mswaki wake, mashine yake ya kunyolea. Saluni, uliza kama vifaa vya kucha vimetakaswa. Usione soo, anayeona soo ndiye anayeumia.

Mkipanga mtoto, semeni mapema kliniki kama mmoja wenu ana virusi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mama mwenye virusi vingi anaweza kupewa dawa akiwa bado mjamzito.

Na mwenzio akikutwa nacho, meza lile swali la "umeipata wapi?" Uliza, "Tunafanyaje?" Kama kuna usaliti, utajulikana kwa njia nyingine. Kipimo cha ini hakikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kadi ya Shangazi

Namalizia na Shangazi. Siku ya kicheni pati yangu, Novemba ile, alikuja kutoka Karatu na khanga zake mpya. Ukafika wakati wa nasaha. Wengine walikuwa wameshanifundisha kupika, kukanda, kuamka mapema na kunyamaza. Habari ya ini hakuijua, hatukuwa tumemwambia mtu. Akasimama, akafungua pochi, akatoa kadi yake ya kliniki ya kisukari, imechakaa mpaka kingo zinameguka.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtoto wetu alinipeleka kwa Babu, nami nilikunywa kwa imani yangu yote. Lakini hii kadi sikuitupa, na kila mwezi naipeleka wakaniandike. Mungu sijamkataza kunitibu, ila daktari naye simfichi sukari yangu. Kwenye ndoa msifichane. Mwenye kujua hali ya mwenzake ndiye anayejua kumtunza."

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafuta machozi, wakadhani ni ya furaha ya harusi.

Leo tuna watoto wawili, wote wamechanjwa. Mume wangu anakwenda kliniki yake kila miezi 6, na siku hiyo mimi ndiye ninayemsindikiza. Tukitoka tunapitia mahali kunywa chai, kikombe kimoja tukiamua, watu wawili.

Sasa nikuulize wewe unayesoma, na huyo aliyeegemea bega lako: chenu ni kikombe gani? Mmejiambia nini mpaka mkaona hamna haja ya kupima? Kitajeni kwa jina lake leo usiku. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, mpite maabara.